Fedha, Vitabu na Dhamiri: Florence ya Karne ya 15 na Elimu Iliyomfikia Luther

Katika majibu ya mitihani ya Historia ya Kanisa husomeka mara kwa mara kwamba uhumanisti ulikuwa falsafa ya kumweka mwanadamu mahali pa Mungu, na kwamba Matengenezo ya Kanisa yalikuja kuipinga. Jibu hilo linachukua maana ambayo neno lilipewa baadaye na kuirudisha nyuma karne nne au tano. Katika Italia ya karne ya 15, humanisti alikuwa mtu mwenye kazi iliyojulikana: alifundisha sarufi, ufasaha wa kusema, historia, ushairi na falsafa ya maadili, naye aliyafundisha hayo kutoka katika maandiko ya kale ya Kilatini na Kiyunani. Wahumanisti walio wengi walikuwa Wakristo waliohudhuria misa, na baadhi yao walikula mshahara wa Papa. Hawakuwa na itikadi moja. Kilichowaunganisha ni usadikisho kwamba maandiko ya kale yapasa kusomwa katika lugha yake yenyewe, na kutoka katika nakala iliyo sahihi.

Swali ambalo vitabu vya kiada hulipita haraka ni hili: ni nani aliyewalipa? Kabla ya uchapaji, kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono, mara nyingi juu ya ngozi, na mwandishi mmoja aliweza kukaa miezi mingi juu ya kazi moja. Mwalimu wa Kiyunani alipaswa kuitwa kutoka mbali na kupewa mshahara. Mchoraji alihitaji dhahabu na rangi, mjenzi alihitaji mawe na vibarua. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi utajiri wa mji mmoja, Florence, ulivyoiwezesha elimu hiyo pamoja na sanaa iliyofuatana nayo, jinsi ulivyoipa sura yake, na jinsi elimu hiyo ilivyokataa hatimaye kumtumikia aliyeigharimia. Nimeuchagua mji huu kwa kuwa hesabu zake za biashara na kodi zimehifadhiwa vizuri, na kwa kuwa tukiufuata uzi wake tunafika Wittenberg.

Riba na hawala

Florence haukuwa na bandari wala migodi. Ulikuwa na sufu, mafundi wa kuisokota na kuitia rangi, na wafanya biashara walioiuza kote Ulaya. Mwaka 1252 mji ulianza kupiga sarafu yake ya dhahabu, florini, ambayo kwa muda mfupi ilikuwa ikipokelewa katika masoko ya mbali. Biashara ya sufu ilizaa biashara ya fedha. Benki za akina Bardi na akina Peruzzi ziliwakopesha hata wafalme, nazo zikaanguka katika miaka ya 1340. Mara baada ya hapo, mwaka 1348, tauni ikaua sehemu kubwa ya wakazi. Katika mji uliopona majanga hayo, Giovanni di Bicci de' Medici alianzisha benki yake mwaka 1397. Mteja wake mkubwa alikuwa Papa mwenyewe, ambaye fedha zake zilipaswa kukusanywa kutoka dayosisi za Ulaya nzima na kufikishwa Roma.

Hapa ndipo penye jambo linalotuhusu sisi wanateolojia. Kanisa lilikataza riba. Anayekopesha florini 100 na kudai 110 alikuwa mwenye dhambi ya mauti, na asipoirudisha ile ziada hakustahili hata kuzikwa kikristo. Basi mabenki yalifanyaje? Yalitumia hawala. Mtu alipokea florini Florence, akaahidi kuzilipa London baada ya miezi mitatu kwa fedha za Kiingereza. Faida ya benki ilifichwa ndani ya thamani ya kubadilisha fedha. Kwa maneno ya sheria hapakuwa na mkopo, palikuwa na mabadilishano tu. Wanasheria wa Kanisa waliandika kurasa nyingi juu ya uhalali wake. Wenye benki wenyewe hawakuwa na hakika.

Dhamiri hiyo isiyotulia ilijenga mengi. Tayari mwanzoni mwa karne ya 14, Enrico Scrovegni wa Padua alijenga kanisa dogo na kumwajiri Giotto achore kuta zake. Baba yake, Reginaldo, alikuwa mkopeshaji maarufu kiasi kwamba Dante alimweka motoni pamoja na wala riba wengine. Katika mchoro wa Hukumu ya Mwisho ndani ya kanisa hilo, Enrico anaonekana upande wa waliookolewa, akimkabidhi Bikira Maria jengo lake. Sijui mahali pengine ambapo teolojia ya matendo mema imechorwa waziwazi kiasi hicho.

Cosimo, mwana wa Giovanni di Bicci, alifanya vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Vespasiano da Bisticci, muuza vitabu aliyemfahamu, anasimulia kwamba Cosimo alielemewa moyoni kwa ajili ya mali ambayo hakuipata kwa njia safi, akamwendea Papa Eugenius IV kutaka shauri. Papa akamwambia atoe florini 10,000 kwa ajili ya kuijenga upya nyumba ya watawa Wadominiko ya San Marco. Cosimo alitumia, kwa hesabu ya Vespasiano, zaidi ya florini 40,000. Michelozzo alisimamia ujenzi. Fra Angelico, mtawa na mchoraji, alijaza kuta za vyumba vya watawa michoro ya maisha ya Kristo, kila chumba mchoro wake, kwa rangi za upole na bila mapambo mengi, kwa kuwa ilikusudiwa kumsaidia mtu mmoja kusali. Cosimo alikuwa na chumba chake mwenyewe humo cha kujitenga na shughuli za mji.

San Marco ikapata pia maktaba. Niccolò Niccoli, mkusanyaji vitabu aliyeitumia mali yake yote kwa ajili ya kuvinunua, alikufa mwaka 1437 akiwa na nakala kama 800 na madeni mengi. Cosimo akayachukua madeni, na vitabu kama 400 vikawekwa katika ukumbi mrefu wenye nguzo nyembamba, ambamo wasomi wa mjini waliruhusiwa kuingia na kusoma. Naomba msomaji akumbuke nyumba hiyo, maana tutairudia.

Mjukuu wa Cosimo, Lorenzo, alipozipitia hesabu za ukoo aliona kwamba kati ya 1434 na 1471 walikuwa wametumia florini 663,755 katika majengo, sadaka na kodi. Aliandika kwamba hakusikitika.

Kazi za mafundi

Tusidhani kwamba kila kazi ya sanaa ilitoka katika mfuko wa tajiri mmoja. Kuba la kanisa kuu, lililojengwa na Brunelleschi kati ya 1420 na 1436, lilisimamiwa na chama cha wafanya biashara ya sufu. Milango ya shaba ya nyumba ya ubatizo, iliyoshindaniwa mwaka 1401 na kushindwa na Ghiberti, ililipiwa na chama cha wauza nguo. Chama cha hariri kilijenga nyumba ya watoto waliotupwa, Innocenti, ambayo Brunelleschi alianza kuijenga mwaka 1419 na ambayo ilifunguliwa mwaka 1445.

Kwa nyumba hiyo ya watoto tunayo hati ya mapatano ya mwaka 1485 na mchoraji Domenico Ghirlandaio, aliyepaswa kuchora Mamajusi wakimsujudia Kristo. Bei ni florini 115. Rangi ya buluu, iliyosagwa kutokana na jiwe lililoletwa kutoka milima ya Afghanistan, iwe ya thamani ya florini nne kwa wakia moja. Mwajiri alitaka kuona kwamba fedha yake haikuibwa. Katika picha iliyotokana na mapatano hayo, nyuma ya Mamajusi wenye mavazi ya gharama, askari wa Herode wanawaua watoto wa Bethlehemu. Na mbele kabisa wamepiga magoti watoto wawili wenye majeraha, wakimwelekea mtoto Yesu. Watoto waliolelewa katika nyumba ile waliitazama picha hiyo juu ya altare yao. Fedha iliamua rangi. Namna ya kuisoma Injili ya Mathayo ilitoka mahali pengine.

Kadhalika Masaccio, katika mchoro wake wa Utatu Mtakatifu wa mwaka 1427 hivi, alitumia kanuni za hisabati kuuonyesha ukuta kana kwamba umefunguka na kuwa chumba. Waliolipia mchoro wamechorwa wakipiga magoti, kwa ukubwa ule ule wa watakatifu, lakini nje ya nguzo. Chini yao umelala mfupa wa binadamu. Katika picha za kale mfadhili alichorwa mdogo kama mtoto. Sasa amekua, naye anakumbushwa kwamba atakufa.

Mamajusi walipendwa sana na akina Medici, na si vigumu kuona kwa nini. Katika Injili hao ndio matajiri waliokaribishwa bila kuambiwa wauze vyote walivyo navyo. Benozzo Gozzoli aliwachora mwaka 1459 katika kanisa dogo la jumba la Medici, na Botticelli, katika picha yake ya miaka ya 1470, aliwapa nyuso za ukoo huo.

Dhahabu ya zama hizo iligusa pia pwani yetu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa ushuru wa dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Kwa dhahabu hiyo mfalme Manuel aliagiza kutengenezwa chombo cha kuonyeshea hostia, kilichokamilika mwaka 1506 na ambacho kimo hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Maandishi yaliyochorwa juu yake yanataja Kilwa. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka hostia. Mtindo wake bado ni wa Kigothi, hivyo si kazi ya uhumanisti, lakini mwaka mmoja kabla ya kukamilika kwake meli za Ureno zilikuwa zimeiteka Kilwa na kuipora. Anayefundisha historia ya sanaa ya Kikristo katika vyuo vyetu asikiache kando.

Vitabu

Francesco Petrarca alizigundua barua za Cicero kwa Atticus katika maktaba ya Verona mwaka 1345. Poggio Bracciolini, mwandishi wa Papa, alipokuwa katika Mtaguso wa Konstanz alizitembelea nyumba za watawa za jirani, na mwaka 1416 alikuta huko St. Gallen nakala kamili ya Quintilianus, mwalimu wa ufasaha. Mwaka huo huo alishuhudia Jeronimo wa Praha, mwenzake Jan Hus, akihukumiwa na kuchomwa moto, naye akamwandikia rafiki yake Leonardo Bruni barua iliyojaa heshima kwa ujasiri na ufasaha wa mtu huyo. Ni barua ya ajabu kutoka kwa mtumishi wa Papa.

Kiyunani kilirudi Florence mwaka 1397, Coluccio Salutati, mwandishi mkuu wa serikali ya mji, alipomleta Manuel Chrysoloras kutoka Konstantinopoli. Miongoni mwa waliolisaidia jambo hilo alikuwa Palla Strozzi, ambaye katika hesabu ya kodi ya mwaka 1427 alionekana kuwa tajiri kuliko wote mjini. Miaka saba baadaye Cosimo alimfukuza mjini, naye akamalizia maisha yake Padua pamoja na vitabu vyake.

Aliyeonyesha uwezo halisi wa elimu hii ni Lorenzo Valla. Mwaka 1440 aliandika juu ya ile hati ambayo kwayo Kaisari Konstantino alidaiwa kumpa Papa mamlaka juu ya nchi za magharibi. Valla hakubishana kwa teolojia. Aliuliza maswali ya mwalimu wa sarufi: je, Kilatini cha karne ya 4 kilisemwa hivi? Kwa nini hati inataja maliwali kwa jina ambalo Warumi wa wakati ule hawakulitumia? Inawezekanaje Konstantinopoli utajwe kuwa kiti cha patriarki, na hali mji wenyewe haukuwa umejengwa? Hati ikadhihirika kuwa ya kughushi. Yatupasa kuongeza kwamba Valla alikuwa akila mshahara wa Alfonso wa Aragon, mfalme aliyekuwa akipigania ufalme wa Napoli dhidi ya mpinzani aliyeungwa mkono na Papa. Hoja ilimfaa mwajiri. Lakini hoja ya sarufi ina tabia moja: ikiwa ni kweli, inabaki kuwa kweli hata mwajiri na Papa wakipatana. Wao walipatana, na Valla mwenyewe akaishia kuajiriwa Roma chini ya Papa Nikolao V. Luther aliisoma kazi yake mwanzoni mwa 1520, wafalme wote wa mgogoro ule wakiwa wamekwisha kufa.

Valla alilinganisha pia Vulgata na Agano Jipya la Kiyunani. Erasmus wa Rotterdam alizikuta nukuu zake katika nyumba ya watawa karibu na Leuven, akazichapisha mwaka 1505. Na mwaka 1516, huko Basel, akatoa Agano Jipya la Kiyunani lililochapwa, pamoja na tafsiri yake ya Kilatini. Katika Mathayo 4:17 Vulgata ilisomeka kana kwamba Bwana anaamuru watu wafanye kitubio. Kiyunani kinasema *metanoeite*. Msomaji wa Kiswahili anaiona tofauti upesi, kwa kuwa lugha yetu inatenganisha kitubio, yaani tendo lililoamriwa na padre baada ya maungamo, na toba, yaani kugeuka kwa nia. Mwezi Mei 1518 Luther alimwandikia mlezi wake Staupitz akieleza furaha yake ya kujifunza maana hiyo kutoka kwa wasomi wa Kiyunani na Kiebrania. Nayo hoja ya kwanza kati ya zile 95 inasimama juu ya neno hilo hilo.

Juu ya fasihi ya lugha za watu nitasema kidogo tu. Dante, Petrarca na Boccaccio waliandika kwa Kitoskana pia, na wafanya biashara waliozoea kutunza daftari kwa lugha hiyo walikuwa wasomaji wao. Baadhi ya wahumanisti waliidharau, wakipenda Kilatini cha Cicero. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba wao ndio walioziinua lugha za watu. Walioziinua kwanza walikuwa washairi na wenye maduka.

Utawala wa mifuko

Florence uliitwa jamhuri. Baraza kuu la watu tisa lilikaa madarakani miezi miwili tu, na majina yao yalitolewa kwa kura kutoka mifukoni. Bruni, aliyekuwa mwandishi mkuu wa serikali na mfasiri wa Siasa ya Aristotle, aliusifu mji wake kwa uhuru na usawa wa raia. Hesabu ya kodi ya 1427 inasema mengine: kaya 100 hivi, katika mji wa watu kama 37,000, zilimiliki zaidi ya robo ya mali yote. Na baada ya 1434 akina Medici hawakuhitaji kuivunja katiba. Iliwatosha kwamba marafiki zao ndio walioamua majina yapi yatiwe mifukoni.

Niccolò Machiavelli aliuona utaratibu huo kutoka ndani. Aliitumikia jamhuri tangu 1498, akafukuzwa akina Medici waliporudi mwaka 1512, akateswa gerezani mwaka uliofuata, kisha akafunguliwa kwa msamaha uliotolewa Giovanni de' Medici alipochaguliwa kuwa Papa Leo X. Mwaka huo huo wa 1513 aliandika kitabu chake juu ya mtawala, ambacho alikuja kumtunukia mmoja wa ukoo uliomtesa. Wengi humsoma kama mwalimu wa uovu. Mimi naona ni mhumanisti aliyeisoma historia ya Kirumi bila kutafuta ndani yake pambo la hotuba, akaeleza jinsi madaraka yanavyopatikana. Katika kitabu chake juu ya Livius alidiriki kusema kwamba mfano mbaya wa Roma ndio uliowapotezea Waitalia dini.

Na hapa turudi San Marco. Mwaka 1491 watawa wa nyumba ile walimchagua Girolamo Savonarola kuwa mkuu wao. Katika nyumba iliyojengwa kwa fedha za Cosimo ili kuituliza dhamiri yake, mtawa huyo alihubiri dhidi ya riba, anasa na utawala wa watu wachache. Benki ya Medici ilikuwa imekwisha kudhoofika. Mwaka 1494 ukoo ulifukuzwa na benki ikafa. Kwa shauri la Savonarola liliundwa Baraza Kuu la raia kama 3,000. Alichomesha pia vioo, vinyago na vitabu mwaka 1497, jambo ambalo wapenzi wake hulipunguza uzito. Tarehe 23 Mei 1498 yeye mwenyewe alinyongwa na kuchomwa moto. Tafakari yake juu ya Zaburi ya 51, aliyoiandika kifungoni, ilitolewa na Luther mwaka 1523 pamoja na dibaji yake.

Hadi Wittenberg

Papa Leo X alikuwa mwana wa Lorenzo, ameteuliwa kuwa kardinali akiwa na umri wa miaka 13. Erasmus alimtunukia yeye Agano Jipya la 1516. Kwa hiyo mtu yule yule aliyetajwa kwa heshima mwanzoni mwa kitabu kilichofunua maana ya toba ndiye aliyeidhinisha vyeti vya msamaha kwa ajili ya ujenzi wa kanisa la Mtakatifu Petro. Askofu mkuu Albrecht wa Mainz alikuwa amekopa kwa akina Fugger, wenye benki wa Augsburg, ili kulipia cheo chake; nusu ya mapato ya vyeti ilikwenda kulipa deni hilo. Sanaa ya Roma na riba ya Augsburg zilikutana katika kisanduku cha Tetzel. Katika hoja ya 86 Luther aliuliza swali la walei: kwa nini Papa, aliye tajiri kiasi hicho, asijenge kwa fedha yake mwenyewe?

Luther hakuwa mhumanisti kwa maana kamili. Mwaka 1525 alitengana na Erasmus juu ya utashi wa mwanadamu, na juu ya jambo hilo hapakuwa na njia ya kati. Lakini Melanchthon, aliyeanza kufundisha Kiyunani Wittenberg mwaka 1518 akiwa na miaka 21, aliendelea kuwa mhumanisti hadi kufa kwake. Nao mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwataka wafungue shule na maktaba na kufundisha lugha za Biblia, akiwakumbusha ni kiasi gani walichotumia kila mwaka kwa silaha, barabara na madaraja.

Swali la nani atalipa lilikuwa limerudi, kwa kuwa watu waliacha kutoa fedha kwa ajili ya misa za wafu na nyumba za watawa zilifungwa. Usharika wa Leisnig, katika Saxony, ulijaribu kulijibu mwaka 1523 kwa hati ya sanduku la pamoja, iliyochapishwa na Luther kwa dibaji yake. Mapato ya Kanisa yangeingia katika sanduku moja, na kutoka humo angelipwa mchungaji, mwalimu wa wavulana na mwalimu wa wasichana, na wangesaidiwa maskini. Wasimamizi walikuwa kumi: wawili wa makabaila, wawili wa baraza la mji, watatu wa raia na watatu wa wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne tofauti, na kila kundi lilishika ufunguo wake. Baraza la mji lilikataa kuziachilia fedha za wakfu ili ziingie humo, na Luther alilazimika kumwandikia mtawala wa Saxony juu ya jambo hilo.